Ettore Bugatti: Fundi Aliyekataa Kutenganisha Uzuri na Kasi

Katika taaluma yetu ya fasihi, mjadala kuhusu uhusiano wa fani na maudhui haujakoma. Wapo wanaovilinganisha na kikombe na chai, kwamba kimoja chaweza kutengwa na kingine. Na wapo wanaoviona kuwa pande mbili za sarafu moja. Ettore Bugatti hakuwa mwanafasihi. Alikuwa mwunda magari ya mashindano. Hata hivyo, maisha yake yote yalikuwa utetezi wa kundi la pili, na utetezi huo ulimjengea jina na kumtoza gharama vilevile.

Bugatti alizaliwa mjini Milan, Italia, tarehe 15 Septemba 1881, katika ukoo wa wasanii. Babake, Carlo, alikuwa msanifu mashuhuri wa samani. Nduguye mdogo, Rembrandt, aliyezaliwa 1884, alikuwa mchongaji wa sanamu za wanyama. Ettore naye alivutwa na mashine. Akiwa kijana alijifunza kazi katika karakana ya Prinetti na Stucchi mjini humo, na mwaka 1901, kabla hajatimiza miaka ishirini, gari alilolibuni lilionyeshwa hadharani Milan. Baadaye alibuni magari kwa niaba ya makampuni ya wengine, yakiwemo De Dietrich katika jimbo la Alsace na Deutz mjini Cologne. Mwaka 1909 alianzisha kiwanda chake Molsheim, katika Alsace ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Ujerumani na ambayo ilirudi mikononi mwa Ufaransa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita hivyo havikumwacha bila jeraha, kwani Rembrandt alijitoa uhai mjini Paris mwaka 1916.

Kilele cha sanaa yake kilionekana Lyon mnamo Agosti 1924, alipoyaleta uwanjani magari matano ya Aina ya 35. Injini ilikuwa na silinda nane zilizopangwa kwa mstari mmoja, na ujazo wake ulikaribia lita mbili. Ekseli ya mbele ilikuwa na uwazi ndani ili kupunguza uzani, na springi zilipenyezwa katikati yake. Magurudumu yalisubuliwa kwa alumini pamoja na ngoma za breki, yakawa na spoki bapa nane. Rejeta nayo ilikuwa na umbo la kiatu cha farasi. Hapakuwa na pambo lililobandikwa tu: kila kilichopendeza jicho kilikuwa na kazi. Siku hiyo matairi yaliwasaliti madereva wake, na ushindi ukawapita. Lakini subira huvuta heri. Kuanzia 1925 hadi 1929 magari ya Bugatti yalishinda mfululizo mashindano ya Targa Florio katika milima ya Sicily, na mwaka 1929 gari la ukoo huo wa Aina ya 35 lilishinda mashindano ya kwanza kabisa ya Monaco.

Ni katika kipindi hichohicho ambapo Bugatti alimwundia mwanawe mdogo, Roland, aliyezaliwa 1922, kigari kilichofuata umbo la Aina ya 35 kwa nusu ya kipimo. Kiliendeshwa kwa mota ya umeme iliyopata nguvu kutoka kwa betri. Wateja waliozuru Molsheim walikiona, wakakitamani kwa ajili ya watoto wao, na tangu 1927 kiwanda kikaanza kukiuza. Tukio hili laweza kuonekana dogo, lakini linatufunulia mengi. Umbo lisilo na ukweli ndani yake likipunguzwa huwa kichekesho. Umbo la Aina ya 35 lilipunguzwa likabaki na hadhi yake. Ndiyo maana hadi leo wapenzi wa kuunda magari ya mfano, wenye kutumia vipande vidogo mno, hulirudia gari hili tena na tena. Anayetaka kuiga spoki zile hulazimika kwanza kuelewa kazi yake.

Hata hivyo, mapenzi yakizidi huzaa ukaidi. Bugatti aliunda gari kubwa la kifalme, Royale, lenye injini ya takriban lita 12.7, na juu ya rejeta yake akaweka tembo aliyetokana na sanamu ya marehemu Rembrandt. Magari sita tu yaliundwa, na matatu ndiyo yaliyopata wanunuzi, kwa kuwa mdororo wa uchumi ulikuwa umeikumba dunia. Injini zake ziliokolewa kwa kutumiwa katika mabehewa ya reli. Aidha, wapinzani wake walikuwa wamekwisha kukumbatia breki za mafuta ilhali yeye aliendelea kushikilia breki za nyaya hadi 1938. Wafanyakazi walipogoma mwaka 1936, alijiona amesalitiwa, akahamia Paris na kumwachia kiwanda mwanawe mkubwa, Jean.

Jean, aliyezaliwa 1909, ndiye aliyekuwa tumaini. Alikuwa amerithi jicho la babake bila kurithi ukaidi wake, na magari ya Aina ya 57 yaliyotoka mwaka 1934 yalikuwa matunda ya mikono yake. Tarehe 11 Agosti 1939, alipokuwa akilijaribu gari lililokuwa limeshinda Le Mans miezi miwili tu awali, alimkwepa mwendesha baiskeli, akagonga mti na kufariki. Majuma machache baadaye vita vilizuka. Mwaka 1940 Carlo naye akaaga dunia, na Wajerumani walioikalia Alsace wakamlazimisha Ettore kukiuza kiwanda. Vita vilipokwisha, serikali ya Ufaransa ilikishikilia kiwanda hicho kwa kuwa mwenyewe alikuwa Mwitalia. Alifariki Paris tarehe 21 Agosti 1947.

Alisalia Roland, yule aliyeundiwa kigari, lakini kiwanda hakikurejelea fahari yake ya zamani. Hapa ndipo penye funzo kwetu sisi wanafunzi wa sanaa. Bugatti alikuwa sahihi kwamba fani na maudhui havitengani. Alipokosea ni pale aliposahau kwamba maudhui hubadilika na wakati, na kwamba fani isiyokubali kubadilika nayo hugeuka ukumbusho. Magari yake yamehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la Mulhouse, nayo yangali mazuri. Lakini msanii, awe wa chuma au wa maneno, hahitaji tu kazi isiyozeeka; anahitaji pia mrithi wa kuiendeleza.