Maisha ya Mwandishi: H. G. Wells

Kabla ya kuingia katika msuko wa The Time Machine, mjue kwanza aliyeiandika. Herbert George Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 mjini Bromley, Uingereza. Babake, Joseph, alikuwa na duka la vyombo vya kaure lisilo na faida kubwa, akajazia mapato kwa kucheza kriketi ya kulipwa. Mwaka 1874 mtoto huyu alivunjika mguu. Akiwa kitandani aliletewa vitabu, na hapo ndipo alipoanza kupenda kusoma. Miaka mitatu baadaye babake naye alivunjika paja. Kriketi ikaisha na pesa zikakatika.

Zingatia sana yanayofuata. Mwaka 1880 mamake, Sarah, alirudi Uppark, jumba la matajiri huko Sussex alikowahi kutumikia, awe msimamizi wa watumishi. Jumba hilo lina njia za chini ya ardhi ambamo watumishi walipita wakipeleka chakula kutoka jikoni. Wells alilijua vizuri. Utakapofika pale Msafiri wa Wakati, katika mwaka wa 802,701, anaposhuka kisimani na kuwakuta Wamorlock gizani huku Waeloi wakicheza juani, zikumbuke njia hizo.

Yeye mwenyewe alionja maisha ya chini. Akiwa mwanagenzi katika duka la vitambaa mjini Southsea, alifanya kazi saa kumi na tatu kwa siku na kulala bwenini pamoja na wenzake. Alitoroka uanagenzi huo mwaka 1883 akawa mwalimu msaidizi Midhurst. Mwaka uliofuata alipata ufadhili wa kusomea sayansi jijini London, ambako mwalimu wake wa biolojia alikuwa Thomas Huxley, mtetezi mkuu wa nadharia ya Darwin. Mwaka 1891 Wells aliandika makala kuonyesha kwamba kiumbe kinaweza kubadilika kwa kurudi nyuma, si kwa kupanda tu.

Watahiniwa wengi huandika kwamba Wamorlock ni madubwana ya kumtisha msomaji. Jibu hilo halifiki mbali. Msafiri anakisia kuwa hao ni wazao wa wafanyakazi, na Waeloi ni wazao wa matajiri waliodhoofishwa na starehe. Wala usidhani Wells anawapendelea watu wa chini kwa kuwa alikuwa mmoja wao: Wamorlock wanawala Waeloi, naye hawatetei.

Wazo la kusafiri katika wakati alilijaribu kwanza mwaka 1888 katika hadithi, The Chronic Argonauts, iliyotoka katika jarida la wanafunzi. Aliliandika upya mara kadhaa, huku akifundisha na kuugua, hadi novela ilipochapishwa mwaka 1895. Alikuwa na umri wa miaka 28. Baadaye aliandika The Invisible Man (1897) na The War of the Worlds (1898), pamoja na vitabu vingine vingi. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1946.