Adrien Atiman, Mtumwa Aliyekuwa Mganga wa Wageni

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Tanzania, ipo misioni ya kale iitwayo Karema. Hapo aliishi katekista mmoja, Adrien Atiman, ambaye maisha yake yanawafaa sana wakatekumeni.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto mdogo aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa utumwani. Katika Algeria Mapadri Weupe walimwona, wakatoa fedha, wakamkomboa. Hakuwa ndugu yao, wala hakuwa na kitu cha kuwalipa. Walimwona mtoto mwenye shida, wakamhurumia.

Walimfundisha dini, akabatizwa. Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika lao mwaka 1868, alitaka Waafrika waliokombolewa wawe waganga na walimu wa Waafrika wenzao. Kwa hiyo mwaka 1881 Atiman alipelekwa kisiwani Malta pamoja na vijana wengine, wajifunze utabibu. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja bara, na mwaka 1889 akafika Karema.

Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma pande zote mbili za ziwa. Upande wa Kongo, karibu na Mpala, Kapteni Joubert aliwalinda watu kwa silaha. Silaha za Atiman zilikuwa dawa, maji safi na vitambaa vya kufungia vidonda.

Angalieni, basi, jambo hili. Watu walimtenda Atiman vibaya kabisa: walimtenga na mama yake, wakamfanya bidhaa. Angeweza kuwachukia watu wote asiowajua. Tena huko Karema alikuwa mgeni, mbali sana na kwao, wala wenyeji hawakuwa wa kabila lake. Lakini hakulipa ubaya aliotendewa, alilipa wema. Kama alivyohurumiwa na wageni, ndivyo alivyowahurumia wageni.

Alimwoa Agnes Wansahira, akakaa Karema moja kwa moja. Alijifunza pia miti na majani ya dawa yaliyojulikana na wenyeji, asidharau akili zao. Wagonjwa walimjia, Wakristu na wasio Wakristu. Kuosha kidonda kinachonuka ni kazi ndogo machoni pa watu, lakini kwa kazi kama hiyo wengi waliufahamu upendo wa Kristu kabla ya kujua katekisimu. Mwanawe Joseph akawa padri mwaka 1923.

Atiman alifariki Karema mwaka 1956, mzee wa miaka tisini hivi, baada ya kuwatumikia watu miaka 67.

Enyi wakatekumeni, msiseme kwamba ninyi si waganga, wala hamna fedha. Bandarini Kalemie hushuka wasafiri wasio na mwenyeji. Vijijini hufika watu waliokimbia vita. Mgeni akipita mlangoni, mpe maji ya kunywa, mwonyeshe njia, msaidie mzigo. Usiulize kwanza kabila lake. Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kwamba anayempokea mgeni humpokea yeye mwenyewe. Anayejiandaa kwa Ubatizo aanze leo, kwa jambo lililo karibu na mkono wake.