Mjue Garnham, Daktari wa Ile Homa ya Kondoo wa Vasha

Ukienda Vasha wikendi unawaza boti, viboko na mbuzi choma. Sasa rudi nyuma hadi 1930. Kwenye shamba moja karibu na ziwa, kondoo walianza kudedi vibaya. Ndani ya wiki nne hivi, wanakondoo karibu 3,500 na majike kama 1,200 walikuwa wameenda. Ukipasua mzoga, ini limeharibika kabisa. Kisha wachungaji nao wakashikwa na homa.

Hapo ndipo unakutana na Percy Cyril Claude Garnham. Alizaliwa London 1901, akaja Kenya 1925 kama daktari wa serikali ya mkoloni. Mbogi yake kwa hii kesi ilikuwa Robert Daubney na J.R. Hudson, watu wa mifugo. Wao walijua kondoo, yeye alijua binadamu, na hii noma ilikuwa ya wote wawili. Wakapata ni kirusi, kidogo hadi kinapenya chujio linalozuia bakteria. Wengine waliokuwa wakikishughulikia maabara pia wakaugua. Kondoo walipohamishwa huko juu kwenye baridi, vifo vikakatika, na mbu wakawa washukiwa namba moja. 1931 wakachapisha, ugonjwa ukaitwa Homa ya Bonde la Ufa. Wazungu watatu majina juu. Wachungaji waliougua, hakuna hata mmoja. Hiyo huniudhi, msee.

Garnham alitoka Kenya 1947. Mwaka uliofuata, yeye na Henry Shortt wakaonyesha London vile vimelea vya malaria hujificha kwenye ini kabla ya kuingia damu. Hiyo ndiyo ilimpa jina kubwa duniani. Aliaga Krismasi ya 1994 akiwa na miaka 93.

Homa yenyewe haikuzikwa naye. Mayai ya mbu fulani hukaa na kirusi mchangani miaka na miaka, mvua ya El Niño ikimwagika wanaanguliwa. Mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliua zaidi ya watu 150 Kenya, sana sana kaskazini mashariki, na Baringo pia ikaguswa.

Mbu anaweza kukupa, lakini wengi huipata kwa damu: kuchinja mnyama mgonjwa, kushika kondoo anayetupa mimba. Maziwa mabichi pia usiguse. So ukiona kondoo wa jirani pale Gilgil wanatupa mimba kwa mkupuo baada ya mvua kubwa, mpigie daktari wa mifugo kabla mtu hajashika kisu.