MAISHA YA MONICA, MAMA YA AUGUSTINO

Wamoja kati yetu wanahuzunika juu kaka, dada ao baba ameacha njia ya Bwana. Kwa hiyo tunapenda kuwaelezea maisha ya Monica.

Mama huyu aliishi Tagaste, muji ambao leo unaitwa Souk Ahras, katika inchi ya Aljeria. Mwaka 354 alizaa Augustino, akamufundisha jina la Kristo tangu utoto. Lakini kijana alipofika Kartago kwa masomo, akafuata mafundisho ya Mani, karibu miaka 9. Kwanza Monica alikataa hata kula naye meza moja. Kisha akaota ndoto: mwana wake anasimama pamoja naye mahali pamoja. Akatulizwa, akamukubali tena nyumbani, akaendelea kumulilia mbele ya Mungu.

Mwaka 383 Augustino akamudanganya. Usiku, wakati mama alikuwa anaomba karibu na bandari, yeye akapanda chombo kwenda Roma. Monica hakukata tamaa. Alivuka bahari, akamukuta Milano. Huko mahubiri ya askofu Ambrosio yalimugusa kijana, na kwa Pasaka ya 387 akabatizwa. Mwaka ule ule Monica akafa Ostia, moyo wake mutulivu.

Tunaona nini? Faraja ya Monica haikungoja siku ya ubatizo. Aliipata katika maombi, miaka mingi mbele. Basi sisi pia tusiwafungie mulango waliotuacha. Tuwapende, tuwaombee, na Bwana atatutuliza hata kama jibu linakawia.