Shekhar Mehta, dereva aliyeshinda Safari mara tano

Lori likishuka mlima kule Busi, wilayani Kondoa, utasikia injini ikinguruma dereva anaporudi gia ndogo. Anaiachia injini isaidie breki. Shekhar Mehta aliifanya kazi hiyo kwa mwendo mkali katika mashindano ya magari ya Safari.

Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya wakulima wakubwa wenye asili ya India. Alianza kushindana mwaka 1966. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na familia yake ikahamia Kenya, ikaanza upya.

Mwaka uliofuata Mehta aliingia Safari na Datsun 240Z, gari dogo la mbio linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Wakati huo mashindano bado yalikuwa yakivuka mpaka na kuingia Tanzania.

Ukirudi gia katika gari la namna ile bila kuongeza mzunguko wa injini, magurudumu ya nyuma hushtuka, na kwenye kona ya changarawe gari huteleza. Kwa hiyo madereva wa mbio huupa mguu wa kulia kazi mbili: mbele ya mguu inakanyaga breki, huku kisigino au ubavu wake ukigusa pedeli ya mafuta. Mguu wa kushoto unashughulika na klachi.

Fundi naye ana kazi yake. Breki ikishakanyagwa, pedeli yake ikaribiane kimo na ile ya mafuta. Zikiachana sana, kisigino hakifiki. Zikibanana, mguu hukanyaga zote mbili bila kukusudia.

Mwaka 1973 Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye akiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawa. Ushindi ulikwenda kwa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Akashinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo.

Ajali mbaya huko Misri mwaka 1987 ilimwondoa katika mbio. Baadaye aliongoza tume ya mbio hizo katika shirikisho la dunia, FIA. Alifariki London mwaka 2006.

Kwa dereva wa kawaida, mchezo huo wa miguu si wa kujaribu barabarani. La kuchukua ni hili: rudi gia kabla mteremko haujaanza, breki zisichoke ukiwa katikati ya mlima.