Odera Oruka: Aliyetafuta mizizi ya maadili kwa wazee wa vijijini

Mtu akifariki katika kitongoji cha Kisumu Ndogo, mtaani Kibera, Nairobi, majirani huchanga fedha za kumsafirisha hadi kwao, hata wasiokuwa wa kanisa lake. Je, huwasukuma dini, mila au utu? Swali la aina hiyo lilimshughulisha kwa miaka mingi marehemu Profesa Henry Odera Oruka.

Alizaliwa mwaka wa 1944 huko Ugenya, Nyanza. Baada ya kusomea Uswidi na Marekani, alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970. Wakati huo falsafa na dini zilikuwa katika idara moja. Oruka alishikilia kuwa hizo ni taaluma mbili, na hatimaye zikatenganishwa.

Wasomi kadhaa walidai kwamba Mwafrika hufuata tu mila na dini ya kabila lake, bila kuzihoji. Oruka aliwaendea wazee vijijini na kurekodi hoja zao, akazichapisha kitabuni mwaka wa 1990.

Miongoni mwao alikuwa babake mzazi, Oruka Rang'inya, aliyekataa kumchukulia Mungu kama mtu. Kwake, Nyasaye alikuwa wazo la wema wenyewe, lenye manufaa katika maisha ya watu. Naye Paul Mbuya Akoko, aliyewahi kuwa Ker wa Waluo, alisisitiza kuwa Mungu ni mmoja kwa mataifa yote. Wazee hao wa jamii moja walitofautiana kwa hoja. Hivyo dai la wasomi likaporomoka.

Hata hivyo, Oruka hakuzidharau mila. Mwaka wa 1987, katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, alitoa ushahidi kwa upande wa ukoo wa Umira Kager, uliokuwa ukivutana na mjane, Wambui.

Aidha, alifundisha kwamba kila binadamu, popote alipo, anastahili usalama, afya na riziki, kwa sababu tu ni binadamu. Asiye na hayo hawezi kutarajiwa kutimiza wajibu wa kimaadili. Kwa mujibu wa hoja hiyo, mkazi wa Kisumu Ndogo anayelala njaa hapaswi kuhubiriwa wema kabla ya kupewa haki yake.

Oruka alifariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi mnamo Desemba 9, 1995, akiwa na umri wa miaka 51.