Askofu mkali aliyewajengea wazee nyumba Croydon

Ukipanda tramu ya Croydon, kusini mwa London, pale kona ya George Street na North End utaona nyumba ya matofali ya zamani, imebanwa na maduka. Nilipita mara tatu nikidhani ni mkahawa wa watalii. Mara ya nne mwanangu anayeishi huko akanambia humo wanakaa wazee, na mwenye kuijenga aliiwekea mali ya kuiendesha. Yaani wakfu kama wetu. Basi nikataka kumjua.

Ni John Whitgift, mtoto wa mfanyabiashara wa Grimsby, ambaye Malkia Elizabeth I alimfanya Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1583. Hakuoa. Croydon palikuwa na kasri la maaskofu wakuu, na malkia alikuwa akimtembelea hapo.

Alikuwa mkali, jamani. Mwaka huohuo wa 1583 aliwataka wachungaji wote watie sahihi kwamba wanakubali mamlaka ya malkia na kitabu cha sala cha serikali. Wapuritani, waliotaka ibada isiyo na mapambo, wengi walikataa wakasimamishwa kazi. Mwaka 1588 vikaanza kutoka vijitabu vya kuwacheka maaskofu, vinachapishwa kwa siri, mtambo ukihamishwa nyumba hadi nyumba mpaka ukakamatwa 1589. Aliyeshukiwa zaidi, John Penry, alinyongwa Mei 1593, na sahihi ya Whitgift imo kwenye hati ya kifo. Aliacha mjane na watoto wanne wa kike, wote wadogo.

Kwetu pwani, Aprili ya mwaka huo Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa. Bwana wao alikuwa Mfalme Philip wa Hispania, yuleyule aliyetuma meli kuivamia Uingereza 1588. Hofu ya Philip ndiyo iliyofanya London imwone kila mpinzani kuwa msaliti.

Sasa tazama. Machi 1596, mtu huyuhuyu aliweka jiwe la msingi la nyumba ya wazee, ikamalizika 1599. Ina uwanja wa ndani, vyumba vimeuzunguka pande nne, kama nyumba zetu za zamani zinavyoupa mtaa mgongo. Aliandika masharti mwenyewe: maskini wasiopungua 30 wala kuzidi 40, wenye umri wa miaka 60 kwenda juu, wa Croydon na Lambeth kwanza. Akaongeza na skuli. Baada ya miaka zaidi ya 300 wakubwa wa mji walitaka kuibomoa wapanue barabara, ikaokolewa na Bunge la Mabwana mwaka 1923.

Mimi kwetu Maskati nimelelewa kuona ni aibu mzee kukaa kwa watu. Lakini nilipomwona bibi mmoja anaingia na kapu lake, mlango wake, ufunguo wake, nikamkumbuka mama yangu anayehamishwa kila mwezi kutoka kwa mtoto huyu hadi yule. Sikumwambia mwanangu kitu.

Whitgift alimtawaza Mfalme James 1603, akafa Februari 1604. Kaburi lake limo katika kanisa kuu la Croydon, liliungua na kanisa mwaka 1867 likatengenezwa upya. La Penry halijulikani liko wapi.